Naomba ushauri: harusi ya wageni 350 isiyoacha lundo la taka

Katibu wa Kamati (mleta uzi)

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za siku. Mdogo wangu anaolewa mwezi wa nane hapa Dar es Salaam, nami nimechaguliwa kuwa katibu wa kamati ya harusi. Tunatarajia wageni 350. Mwanzoni mwa mwaka nilikuwa kwenye kamati ya harusi ya binamu yangu, nikabaki ukumbini hadi saa nane usiku kusimamia usafi, na niliyoyaona hayajanitoka akilini: chupa za maji zilizonywewa nusu, sahani zenye vilima vya pilau, maputo, maua ya plastiki, na maboksi meupe ya povu ambayo mengine hayakufunguliwa kabisa. Vyote vilipakiwa gari moja kwenda dampo la Pugu Kinyamwezi.

Nilipopendekeza kikaoni kwamba safari hii tupunguze taka, mwenyekiti alicheka. Mama mdogo alisema kwamba mtu aliyetoa mchango wake hawezi kuja akanyimwa maji ya chupa, kwa sababu itasemwa kamati imekula michango. Nianzie wapi, na niijenge vipi hoja yangu ili isionekane kuwa ni ubahili?

Sufuria Kubwa

Katibu, mimi ni mpishi wa shughuli. Mapambo ndiyo yanayoonekana kwa macho, lakini uzito wa taka hutoka jikoni, na jikoni hutegemea kadi. Kadi ya watu wawili hupewa mtu ambaye kila mmoja anajua atakuja peke yake. Kisha kamati huniambia niongeze kidogo kwa ajili ya wageni wasiotarajiwa, mwenyekiti naye huongeza kidogo chake, mama wa bibi harusi chake, na mwishowe karamu ya watu 350 naipikia kama ya watu 500. Kwa kipimo changu, kilo moja ya mchele wa pilau hulisha watu saba au wanane iwapo kuna nyama, ndizi na kachumbari pembeni. Kilo 50 zingewatosha wageni wako, lakini kwa idadi kama hiyo nimewahi kuagizwa kilo 80.

Pigeni simu wiki moja kabla, mmuulize kila mwenye kadi atakuja na nani. Halafu wahudumu ndio wapakue sahani ya kwanza, na anayetaka kurudia arudie bila kuulizwa. Mgeni aliyefunga safari kutoka Kibaha, akangoja chakula hadi saa nne usiku, akishika upawa mwenyewe hupakua kwa njaa ya macho.

Kinachobaki sufuriani kabla ya kufika mezani kinaweza kugawiwa, ila mpokeaji apatikane mapema na chakula kiondoke kikiwa bado cha moto. Wali uliopoa na kukaa kwa saa nyingi huota bakteria wanaotapisha, na sumu yao haiondoki kwa kupashwa moto tena. Mabaki ya sahani za wageni hayagawiwi mtu. Hayo ni ya mfuga kuku.

Mwana wa Ng'ambo

Kwetu Unguja pilau ya harusi huliwa kwenye sinia, watu wanne hadi sita wakizunguka, na sinia huoshwa likasubiri shughuli nyingine. Sisemi muwakalishe mikekani wageni wote 350 wenye suti, lakini chakula cha baada ya nikaha, ambapo watu ni wachache na wanafahamiana, kinafaa sana kwa sinia. Kuhusu maua, asumini na mrehani vinanukia ukumbi mzima, na kesho yake vinarudi udongoni. Sijapata kuelewa kwa nini mtu akodi waridi la plastiki.

Mchumi wa Mtaani

Rahisisheni: nunueni sahani na vikombe vya karatasi. Hakuna kuosha, na karatasi huoza.

Sufuria Kubwa

Ndugu Mchumi, vikombe vingi vya karatasi vimepakwa utando mwembamba wa plastiki ndani, la sivyo chai ingevuja. Hata kile kinachooza, kikifukiwa dampo chini ya taka nyingine pasipo hewa, hutoa gesi ya methani. Sahani za melamini za kukodi zinapatikana kila mtaa, na akina mama wa kuosha hupata ujira.

Msimamizi wa Ukumbi

Nianze na maji, maana hapo ndipo mama mdogo alipo. Katazo la tarehe 1 Juni 2019 liliondoa mifuko ya plastiki ya kubebea, lakini chupa za maji zilibaki. Mgeni mmoja hufungua mbili au tatu kwa usiku mmoja, kwa sababu akiinuka kucheza na kurudi hajui ipi ilikuwa yake. Kwa hesabu hiyo wageni wako watafungua chupa 700 hadi 1,050. Lita moja kwa kila mgeni ni madumu 18 ya lita 20, ambayo muuzaji huyachukua yakiwa matupu na kuyajaza tena. Yafunguliwe mbele ya watu, maji yamiminwe kwenye majagi ya kioo yenye barafu, na mhudumu apite mezani. Hapo hakuna atakayesema amenyimwa. Soda chukueni za chupa za kioo: kreti 30 zina chupa 720, na kreti hurudi kwa wakala.

Kikaoni usiseme "mazingira" kwanza. Peleka bei ya chupa 1,050 na bei ya madumu 18, uziweke mezani, kisha unyamaze.

Katibu wa Kamati

Nawashukuru wote. Kikao cha jana kimepitisha madumu, na mama mdogo mwenyewe ameomba asimamie majagi. Sahani za kukodi zimepita pia. Kadi za watu wawili zimekataliwa kuguswa, kwa kuwa mwenyekiti amekwisha kuwaahidi wafanyakazi wenzake, ila ameniruhusu kupiga simu. Orodha ina majina 212. Naanza Jumatatu.