Mwanangu anaguna akiona kitabu, nifanyeje likizo hii?

Mama Cherehani (Uyole, Mbeya)

Wapendwa, habari za jioni. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Mwanjelwa. Nina watoto wawili, wa kiume darasa la nne, wa kike la pili. Shule zimefungwa, na baridi ya Juni huku mnaijua, watoto hawatoki nje mpaka saa nne.

Nilijibana nikanunua vitabu vitatu vya hadithi. Viko juu ya kabati, vina vumbi kuliko kabati lenyewe. Huyu mkubwa nikimwambia achukue kitabu anaguna, anafungua, macho dirishani. Nikimuuliza kasoma nini, “nimesahau.” Na kusoma anajua! Juzi kwenye daladala kasoma kwa sauti kila kilichobandikwa, mpaka ile ya “chenji idai kabla hujashuka”, konda akanuna.

Utaratibu wangu ni huu: saa nane mchana kurasa tano, kisha ananieleza alichosoma na kujibu maswali ninayomwandikia. Akigombana na mdogo wake naongeza kurasa tano nyingine. Mwisho wa mwaka ana upimaji wa darasa la nne, siwezi kumwachia tu. Nakosea wapi?

Mwalimu Mstaafu (Iringa)

Kamwene mwanangu. Hebu rudia hapo ulipoandika “akigombana naongeza kurasa tano.” Ningekuwa mwanao ningeguna pia. Sisi walimu tuna dhambi hiyohiyo: mtoto kachelewa namba, tunamwambia anakili somo zima. Kufagia uwanja, kung'oa visiki, kunakili, kwake vyote ni fungu moja.

Likizo hii acha maswali. Yote. Msomee wewe, usiku, wakati mmekaa jikoni mnaota moto (na kama ni jiko la mkaa, mlango uwe wazi, moshi wake usioonekana unaua). Anza na “Paukwa!”, waitikie “Pakawa!”, kisha fungua kitabu. Ukifika fisi yuko mlangoni na sungura kajibanza uvunguni, sema jamani mboga inaungua, kiache kitabu wazi kitini, ondoka. Usirudi haraka.

Tena angalia, huenda vitabu ulivyonunua vimemzidi. Mwambie anyooshe vidole vya mkono mmoja, kila neno linalomgomea akunje kimoja. Vidole vikiisha kabla ya ukurasa, kitabu hicho bado. Mpe cha mdogo wake, ila usimwambie ni cha mdogo wake.

Mwana Rungwe (Tukuyu)

Dada, mimi nilisomea kwenye maandazi. Mama mmoja pale stendi alikuwa akifungia maandazi kwenye magazeti ya zamani. Unakula, unakuta hadithi ya mapenzi au ya jambazi, inakatika katikati. Nusu ya pili kapewa mtu mwingine! Nilikuwa nazunguka stendi naomba watu karatasi zao zenye mafuta. Siku hizi wangu anamsomea bibi yake, macho ya bibi yamechoka. Akiruka mstari bibi anamshtukia, sijui anajuaje.

Mkulima wa Viazi (Njombe)

Mnaongea kama kila nyumba ina kabati la vitabu. Huku likizo mtoto yuko shambani, jioni kachoka, kitabu cha nini?

Ila niseme ukweli, binti yangu ndiye anayenisomea vibandiko vya dawa za viazi. Mwezi uliopita kanizuia, nilikuwa nachanganya vifuniko vitatu kwenye pampu wakati kibandiko kinasema kimoja. Sikumsifia. Nafikiri nilitakiwa.

Mwalimu Mstaafu

Ulitakiwa, mdogo wangu. Bado hujachelewa.

Mnyalukolo wa Kihesa (Iringa)

Wangu alikuwa hapendi kabisa, hasa historia. Nikampeleka makumbusho ya Kalenga kuona fuvu la Mkwawa. Akasoma kwamba Mkwawa alijiua 1898 asikamatwe na Wajerumani, na fuvu likarudishwa 1954. Akasimama pale anahesabu vidole. “Baba, miaka 56 lilikuwa wapi?” Nikamwambia Ujerumani. “Walikuwa wanalifanyia nini?” Hapo nikaishiwa. Tukaenda maktaba ya mkoa kutafuta, na tangu siku hiyo ananidai nauli ya maktaba kila Jumamosi. Imekuwa gharama, lakini silalamiki sana.

Mama Cherehani

Shikamoo mwalimu. Nimesoma ujumbe wako mara tatu, mara ya kwanza nilikasirika.

Leo ni siku ya sita. Maswali nimeacha, adhabu ya kurasa nimeacha, sasa wakigombana wanaosha vyombo. Usiku wa kwanza nilisoma peke yangu kama kichaa, mkubwa kajifunika blanketi. Wa tatu nikaacha fisi mlangoni kama ulivyosema. Nikachungulia: aliyekichukua ni yule mdogo! Anasoma silabi kwa silabi, “u-vu-ngu-ni”, kaka yake kachoka kusubiri, kamnyang'anya. Wakagombana. Vyombo vimeoshwa.

Mwana Rungwe, ndaga. Nimepita kwa muuza maandazi wa hapa kwetu, siku hizi anafungia kwenye karatasi za mitihani ya zamani. Mwanangu kaleta moja, ina swali la ufahamu, habari yenyewe imechanika. Kauliza kama kesho tunaweza kununua tena.