Eti "huo mtungi ni wa trafiki, ungetaka wa moto ungesema"

Wakuu, heshima kwenu.

Nina siku tano sijalala vizuri na uzi huu wa mitungi ya kuzimia moto kwenye magari nauandika nikiwa na hasira, kwa hiyo nitakaowakwaza wanivumilie.

Jumamosi nilikuwa natoka Dar kwenda Iringa kwenye arobaini ya mjomba. Ndani nimempakia mama na mtoto wa dada. Tumeshapita Chalinze, tunaikaribia Mikese, saa kumi na mbili na ushee jioni, giza linaanza kushuka. Mbele yangu kuna Noah. Nikaona moshi unatoka chini ya boneti. Mwanzoni ulikuwa mweupe nikajua ni rejeta imechemsha, yatakwisha. Mara ukawa mweusi. Dereva akaivuta pembeni, milango ikafunguka, wakashuka watu saba, mmoja mama mjamzito anashikwa mkono, wote wanakimbilia majanini.

Nikasimama. Mama akaniambia, "Baba, usisogee karibu," nikamjibu mama nina mtungi. Nilishuka nao nikiwa na imani kabisa. Niliununua mwenyewe Kariakoo mwezi wa tatu, 25,000, mpya, uko kwenye nailoni yake, mshale wa geji ya presha umekaa kwenye kijani. Nikafika, nikachomoa pini, nikaminya.

Ukatoa pumzi. Fyuu moja kama tairi la baiskeli, unga kiasi cha kijiko cha chai ukadondoka juu ya kiatu changu. Basi. Nikaminya tena, nikautikisa, nikaminya. Hakuna kitu. Nimesimama mita mbili kutoka kwenye gari linalowaka, nimeshika chuma chekundu.

Sikuwa peke yangu. Mwenye Noah alikuwa na mtungi wake, pini imeshikwa na kutu, mpaka ikatafutwa plaizi. Jamaa aliyesimama nyuma yangu wa kwake upo, ila uko kwenye buti chini ya gunia la mkaa na madumu. Anashusha gunia huku moto unapanda. Na mwenye Noah, kwa kuchanganyikiwa, akaenda kufungua boneti yote kwa mkono. Wakuu, msifanye hivyo kamwe. Ule moto ulikuwa unahema kwa shida mle ndani, alipofungua akaupa hewa, ukaruka juu ya kichwa chake na ngozi ya kiganja ikabaki kwenye bati. Boneti inaachiwa upenyo mdogo tu kwa kuvuta kamba ya ndani, unga unapigwa kupitia huo upenyo au kwa chini.

Kilichotusaidia ni dereva wa Fuso. Alishuka na mtungi wa kilo 6, akaupiga chini ya boneti akitembeza kushoto kulia, na moto ukalala. Niliuona kwa macho yangu umelala. Tukapiga kelele za furaha. Unga ukamwishia, na kwa kuwa petroli ilikuwa bado inachuruzika kwenye mpira ulioungua, baada ya muda mfupi ukawaka upya, na safari hii hapakuwa na mwingine wa kuuzima. Hapo ndipo roho inaponiuma. Mitungi mitatu midogo ilikuwepo pale. Kama miwili tu kati ya hiyo ingefanya kazi, ile Noah ingevutwa na kamba kwenda gereji. Sasa ni mifupa. Ndiyo riziki ya yule baba, anabebea abiria.

Wanakijiji walitoka lakini walisimama mbali sana, na siwalaumu hata kidogo. Watu wa Morogoro hawajaisahau Msamvu, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipopinduka, watu wakaenda kuchota, likalipuka na wakafa zaidi ya 100. Zimamoto, namba 114, tuliwapigia wakapokea haraka, ila umbali ni umbali. Gari dogo halimalizi robo saa.

Sasa nije kwenye kilichonifanya nifungue uzi.

Jumanne nimerudi Dar, nikaupeleka ule mtungi duka la mangi hapa mtaani nikaomba auweke kwenye mizani. Umeandikwa kilo 1 ya unga. Mtungi mzima, chuma chake, kichwa chake na kila kitu, ukasoma gramu 900. Yaani hata kama chuma kingekuwa hakina uzito kabisa, bado unga haufiki kilo. Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea. Ulikuwa umeshaisha pumzi, kwa hiyo akaukaza kwenye jiliwa akafungua kichwa (wenu wenye presha msithubutu kufungua, kichwa kitawaruka usoni). Ndani kulikuwa na unga umegandamana mabonge, kama unga wa muhogo ulionyeshewa, haufiki nusu kikombe. Fundi akakishika kile kichwa mkononi, akakitazama, akaniambia, "Bosi, hebu angalia huku."

Geji. Kichwa kimeshafunguliwa, kiko hewani, presha ni sifuri. Mshale bado uko kwenye kijani.

Akaugonga na bisibisi. Hausogei. Ule mshale haujaungwa na kitu chochote, umegandishwa pale kiwandani uonekane vizuri. Nimeendesha miezi yote hiyo nikiuangalia kila wiki kama mtu mwenye akili, kumbe naangalia picha.

Nikaubeba mpaka dukani Kariakoo nilikoununua. Sikwenda kwa ugomvi, nilitaka hela yangu na nilitaka kujua kama anafahamu anachouza. Nikamweleza yote, Noah, mama mjamzito, mkono wa dereva. Akanisikiliza, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekwambia nyanya zimepanda: "Kaka, huo mtungi ni wa trafiki. Ungetaka wa moto ungesema, ipo, bei yake nyingine."

Wa trafiki! Nimerudia hilo neno kichwani mpaka usiku wa leo. Maana yake kuna bidhaa nzima inayotengenezwa, inasafirishwa kwa kontena, inashushwa, inapangwa dukani, na kila anayeishika njiani anajua haizimi moto. Kazi yake ni kuwa nyekundu. Mnunuzi tu ndiye hajaambiwa, na mnunuzi ndiye aliyempakia mama yake.

Na muuzaji hajalitoa hewani. Jumamosi ile ile asubuhi, kabla ya moto, nilisimamishwa njiani. Askari akaniuliza mtungi uko wapi, nikaunyanyua kutoka chini ya kiti, akauona kupitia dirishani, akaniambia safari njema. Hakuushika. Hakuangalia tarehe. Ningekuwa sina ningeandikiwa 30,000, na 30,000 ni zaidi ya bei ya mtungi wenyewe, kwa hiyo mtu ananunua kinachomwepusha na faini halafu anasahau. Tumekubaliana kimyakimya nchi nzima kwamba hivi vitu ni kodi ya kupita barabarani. Sikubali. Mimi niliununua wangu ili uzime moto.

Hali ni hiyo hiyo kwenye pembetatu za tahadhari. Baada ya moto tulikaa pale mpaka saa tatu na nusu usiku, magari yamepaki pembeni, malori yanapita. Nikatoa zangu mbili nilizonunua kwenye foleni Ubungo. Miguu yake ni waya mwembamba kama wa kutundikia nguo. Semi la kwanza lilipopita, upepo wake ukazilaza zote mbili kifudifudi. Nikazisimamisha, nikaziwekea mawe. Halafu nikaenda nyuma nikamulika na tochi nione zinavyong'aa: hazing'ai. Ni plastiki nyekundu, haina karatasi ya kuakisi, usiku ni sawa na kuweka kitabu barabarani. Yule dereva wa Fuso ndiye aliyeleta ya kwake nzito, miguu ya chuma, akaenda kuiweka mbali sana mpaka mama akauliza anakwenda wapi.

Anajua anachofanya. Gari la 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde. Wengi wetu tunaweka pembetatu hatua kumi nyuma ya gari, na hatua kumi dereva anazimaliza kabla hajapeleka mguu kwenye breki. Ukiiweka mita 100 unampa sekunde nne na kitu, na hizo zinamtosha kupunguza mwendo na kuhama. Kwenye kona au mteremko iwekwe kabla ya kona, siyo baada yake. Na matawi, ndugu zangu madereva wa malori, naelewa mnatumia mlichonacho, lakini tawi halina mwanga. Usiku tunaliona likiwa tayari chini ya tairi. Na yale mawe ya kuzuia magurudumu mkiondoka myatoe barabarani, jamani, yameua waendesha pikipiki.

Sanduku la huduma ya kwanza nitasema kwa ufupi maana presha inapanda. Nilifungua langu kwa ajili ya kiganja cha yule baba. Pamba, plasta mbili, kichupa cha dawa kilichokauka, mkasi usiokata hata karatasi. Mama mmoja mwema kutoka kijijini akaja mbio na dawa ya meno, nikamzuia kwa heshima. Iliyomsaidia ni maji ya kunywa ya mama, chupa tatu kubwa, na ndoo aliyoileta kijana wa pale. Tulimmwagia taratibu kwa dakika 20, tukamvua pete kabla vidole havijavimba, kisha tukamfunika na kanga safi ya mama. Hospitali walisema maji yalisaidia sana. Katika sanduku lote lile hakukuwa na kitu kimoja cha kumfaa.

Halafu kuna kile kijiti chekundu kilichobanwa upande wa kushoto miguuni kwenye magari yanayotoka Japani. Mafundi wengi wanakiita baruti na kukitupa. Ni mwenge wa dharura, unawaka mwanga mkali mwekundu kwa dakika kama tano ili wanaokuja wakuone. Muda wake ni miaka minne, kwa hiyo kwenye gari la 2008 usikitegemee, na popote penye harufu ya mafuta usikiwashe kabisa. Na wenye magari mapya mapya, inueni zulia la buti mwone kama mna spea tairi kweli, maana mengi yanakuja na chupa ya gundi na pampu tu. Usilijue hilo Mikumi usiku.

Ninachotaka ni hiki. Wenye dhamana ya viwango wachukue mtungi mmoja kwenye kila kontena, waupulize pale pale mbele ya mwenye mzigo. Dakika moja inatosha. Ukitoa pumzi tupu, kontena lisiingie mjini. Askari akiuliza mtungi aushike mkononi, aupime uzito, auangalie, tena ikiwezekana amwambie dereva auhamishe kutoka buti kuja karibu na kiti. Na muuzaji aandike kwenye kibao chake kwa herufi kubwa HAUZIMI MOTO, tuone nani atanunua. Kama hawezi kuandika, asiuze.

Hela yangu sijarudishiwa. Kile kichwa cha mtungi ninacho, nimekipiga picha na video, mshale kwenye kijani huku upande wa chini ukiwa wazi. Naomba wanaojua utaratibu wa kufikisha malalamiko ya bidhaa wanielekeze humu, nitafuata hatua zote, na dereva wa Noah amekubali kuja kutoa maelezo mkono ukipona.

Kwa sasa naomba kila mwenye gari afanye kitu kimoja kabla hajacomment. Shuka, chukua mtungi wako wa unga, usichomoe pini. Ugeuze kichwa chini, uweke sikioni. Unga mzima unatiririka, unausikia kama mchanga ndani ya chupa. Ukisikia kimya, au kitu kinagonga kama jiwe, umeganda. Kisha upitishe kwenye mizani ya duka lolote. Wa kilo 1 lazima uzidi kilo waziwazi, maana kuna chuma juu ya unga.

Rudi hapa uandike umesikia nini na mizani imesoma ngapi. Taja na mkoa uliponunulia.