Naomba ushauri: episodi za kuanzia The Andy Griffith Show

Habari zenu wakuu. Natafuta episodi nne za hii komedi ya zamani ya TV ya Marekani za kumwonjesha mtu asiyeijua Mayberry, mji mdogo wa kubuni inakotokea, kila moja kama dakika 25. Mbili zimepita: "Opie the Birdman" (1963), mtoto anaua ndege kwa manati kisha analea makinda, na "The Pickle Story", ile achari ya Aunt Bee, shangazi wa sherifu Andy, wanayoisema ina ladha ya mafuta ya taa.

Msimu wa 1 nimejaribu, umegoma: Andy bado anachekesha mwenyewe kwa lafudhi ya kishamba badala ya kumwachia naibu wake, Barney. Wa 6 kwenda mbele una rangi, ila Don Knotts, anayeigiza Barney, anaonekana mara mojamoja tu.

"Man in a Hurry" itangulie, au upole wake utamsinziza mgeni? Na ya nne, ya msimu wa 3 au 4, Barney na risasi yake moja mfukoni, mnashauri ipi?