Nakimbia tu asubuhi. Je, nina usemi wowote kuhusu msitu ninaopita?

Mwendo wa Kobe

Wakuu, heshima kwenu. Mimi si mwanariadha. Nakimbia kilomita 5 asubuhi, mara tatu kwa wiki, na wazee wa mazoezi ya kutembea huwa wananipita wakinisalimia. Nilianza miaka minne iliyopita kwa sababu ya presha.

Njia yangu inazunguka kipande cha msitu kilichobaki nyuma ya nyumba zetu, inashuka hadi kwenye kijito, kisha inapanda upande wa pili. Mwaka wa kwanza sikuona kitu mle, nilikuwa napigania pumzi. Siku hizi najua kila mzizi unaokwaza. Najua mdiria anatua kwenye tawi gani juu ya maji, na najua kwamba tangu mvua zilizopita sijamwona.

Sasa wiki mbili hizi nimekuta vigingi vya ncha nyekundu vimechomekwa kuteremka hadi kijitoni, na miti 17 imepigwa alama ya X kwa rangi. Nimeihesabu mara mbili. Nilipoulizia, jirani akanijibu, "Wewe shida yako ni pa kukimbilia tu. Nenda barabarani." Limeniuma, maana lina ukweli ndani yake.

Swali langu: mtu ambaye hoja yake ni kwamba hupita hapo akikimbia, ana usemi gani? Na aanzie wapi?

Mzizi Mkavu

Jirani amekupiga pabaya ila hajakumaliza. Mara tatu kwa wiki, miaka minne: umepita hapo zaidi ya mara 600. Nani mwingine amepaona mara hizo? Mchora ramani huenda alifika siku moja, tena kiangazi.

Kwa hiyo usiende na "napapenda". Nenda na kumbukumbu. Kama unakimbia na simu au saa inayorekodi njia, tarehe zote unazo tayari. Chagua sehemu tano, piga picha ukiwa umesimama palepale na kuelekea upande uleule, kila wiki. Pale maji yanapotuama, pale ukingo wa kijito unapomeguka, ile miti yako 17. Baada ya miezi michache picha zinaongea zenyewe.

Kisha ulizia ofisi inayohusika na ardhi au mipango: eneo ni la nani, limepangiwa matumizi gani, kibali kimetoka, na mwisho wa kupokea pingamizi ni lini. Hilo la mwisho ndilo la kwanza. Watu wengi huja na hoja nzito siku zikiwa zimeshapita. Na vigingi usiving'oe, hata kama mkono unawasha. Utakuwa umewapa kesi bure.

Nyayo

Naomba nimwage mchanga kidogo. Sisi wakimbiaji nasi tunaharibu. Angalia njia yako panapokuwa na dimbwi: kila mtu anakwepa pembeni ili viatu visilowe, nyasi zinakufa, tope linapanuka, anayefuata anakwepa mbali zaidi. Njia ya hatua moja inageuka uwanja. Udongo ukishakanyagwa hivyo unashindiliwa, zile nafasi ndogo za hewa na maji zinazibika. Mvua ikinyesha maji hayazami, yanateremka na udongo wote hadi kijitoni, na mizizi ya pembeni inakosa hewa. Huyo mdiria huwinda kwa macho, anahitaji maji angavu aone samaki. Sisemi ni wewe uliyemfukuza, lakini fikiria.

Pita katikati ya tope. Viatu vinaoshwa.

Dada wa Jumamosi

Nyayo kanifurahisha, ila asikuvunje moyo.

Mimi nilianzia kwenye taka. Erik Ahlström wa Sweden alianzisha mtindo wa kukimbia huku ukiokota taka mwaka 2016, nikauiga nikidhani ni jambo jepesi. Chuchumaa mara arobaini ndani ya kilomita 3 halafu uniambie habari za mapaja! Taka zenyewe zilirudi wiki iliyofuata, siwafichi. Nilichopata ni watu. Wanaookota pamoja wanafahamiana, na hao ndio waliosaini barua siku tulipoihitaji.

Usidharau uchache pia. Mbio za parkrun, zile za bure za kilomita 5 kila Jumamosi ambazo leo ziko nchi nyingi, zilianza na wakimbiaji 13 katika Bushy Park, London, Oktoba 2004. Na msitu wa Karura, Nairobi, ambamo watu hukimbia leo bila wasiwasi: Januari 1999 mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake walipigwa hapo walipokwenda kupanda miti kupinga msitu usinyakuliwe, yeye akajeruhiwa kichwani. Hakuwa anatafuta pa kukimbilia. Sisi wenye viatu tumekuja kula matunda.

Mwendo wa Kobe

Mrejesho. Nimekwenda ofisini. Vigingi ni vya bomba la majitaka, si nyumba kama nilivyohofia, na siku za pingamizi zimebaki 11. Nimeuliza kwa nini bomba lisifuate ukingo wa barabara. Ofisa akaniuliza mimi ni nani pale. Nikamwonyesha njia yangu kwenye simu, ule mstari mmoja uliorudiwa mpaka umekuwa mnene, akaukuza kwa vidole, akanyamaza kidogo, kisha akanipa fomu.

Jumamosi tuko wanne. Mmoja hakimbii, anakuja na mbwa. Nyayo, jana nimepita katikati ya tope, na viatu nimeambiwa visiingie ndani.