Naomba ushauri: mtoto anazidisha pahala pa kugawa

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mwanangu yuko darasa la saba, tupo Wete, na hesabu za kutafuta kiasi kwa saa moja zenye sehemu zimemshinda. Jana nikampa ya karafuu: mchumaji kapata ¾ ya pishi kwa nusu saa, je kwa saa moja? Kazidisha ¾ × ½, kaniletea ⅜. Yaani saa nzima apate kidogo kuliko nusu saa! Nikamwonesha ¾ ÷ ½ = ¾ × 2 = 1½, akaitika. Nilipobadilisha namba, yale yale. Nimemchorea hata duara, wapi!

Nimfahamishe vipi kwa nini ile sehemu ya pili inageuzwa? Na atajuaje kipi kigawanywe kwa kipi? Skuli wameambiwa "geuza uzidishe" tu.