MREJESHO: Kanzidata ya bayomaka za saratani ya tumbo

Assalaam alaykum. Mwezi uliopita niliuliza hapa, nikiwa Chake Chake, nifanyeje na jedwali langu la bayomaka (alama za mwilini, kama jeni au protini, zinazoashiria ugonjwa) za saratani ya tumbo: jeni moja ilinijia kwa majina matatu, HER2, NEU na ERBB2, nami nikaihesabu mara tatu. Ahsanteni sana, kaka na dada zangu.

Nilifuata ushauri wa kutumia jina rasmi la HGNC (kamati ya kimataifa inayoidhinisha majina ya jeni za binadamu), hayo mengine yakakaa safu ya pembeni. Mistari iliyojirudia imekwisha. Na aliyenionya kuhusu tarehe, Mungu amlipe: nilikwenda kwenye jeni SEPT9 nikakuta programu ya jedwali imeigeuza tarehe, "9-Sep". Siku hizi jina rasmi ni SEPTIN9, na safu yote sasa naiweka kuwa maandishi kabla sijabandika kitu.

Kila makala ninayotolea data kusomwa na watu wawili, kila mmoja peke yake, kumefaulu nusu. Mwenzangu wa Unguja alipata nafasi ya makala chache tu, lakini hizo zilinifumbua macho: kwenye pepsinojeni (protini ya tumbo inayopimwa kwenye damu) nilinakili matokeo bila kiwango cha mpaka, yaani kile kinachotenganisha matokeo ya kawaida na yasiyo ya kawaida. Nilizosoma peke yangu nimezitia alama "haijahakikiwa", na alama hiyo siiondoi mpaka apatikane msomaji wa pili.