Naomba ushauri: kupiga na kutunza picha za maisha ya kila siku ya watoto

Ndugu zangu, salaam. Mimi na mke wangu tunaishi Tanga na tuna watoto wawili, wa miaka minne na miwili, ambao tumeamua kuwapiga picha katika shughuli zao za kawaida, kama vile kuoshana miguu kwenye beseni uani au kugombea ukoko wa wali, badala ya kusubiri Idi. Picha za kupangwa tunazo za kutosha, na kusema kweli zote zinafanana.

Taabu ya kwanza ni mwanga. Jikoni kuna dirisha moja dogo, na nikiweka kasi ya shata (muda ambao kamera hufunguka kupokea mwanga) 1/250 ya sekunde ili mikono ya mtoto isitoke na ukungu, hunibidi nipandishe ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 3200, picha ikajaa chengachenga. Nikitumia flashi, mkubwa huacha alichokuwa akifanya na kukaa mkao wa picha. Je, nizivumilie chenga hizo au ninunue lenzi ya milimita 35 yenye f/1.8, yaani yenye tundu pana linaloingiza mwanga mwingi?

La pili linanisumbua zaidi. Bibi yao aliyeko Muscat huomba picha kila wiki, nami humtumia kwa WhatsApp, lakini huziweka kwenye stetasi, ilhali sisi tungependa sura za watoto zibaki ndani ya familia. Nimwambieje mama mkwe bila kumvunjia heshima? Aidha, mliochapisha picha zenu kwenye albamu, mnazihifadhi vipi zisiharibiwe na unyevunyevu wa pwani?